Mlete Kabla Jino Halijauma

Mazungumzo na wazazi wa shule moja ya msingi, Tudor, Mombasa, Jumamosi asubuhi. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nikaacha nje zile dakika za kugombana na kipaza sauti.

Assalaam alaykum. Bwana asifiwe. Hamjambo wazazi wenzangu. Shikamooni wazee mlioketi kule kwenye upepo, mmechagua vizuri.

Mwalimu mkuu aliponiita alisema, "Njoo uwaambie watoto wasimwogope daktari wa meno." Nikamwambia, mwalimu, watoto waache wacheze, mimi niitie wazazi. Ndiyo maana leo viti vimejaa nyinyi na madirisha yamejaa vichwa vyao. Waacheni wachungulie.

Niwaulize. Nani hapa ameingia chumba cha meno mwaka huu ilhali haumwi popote? Mikono miwili. Na mmoja naona yuajipepea tu. Haya, nani amewahi kumwambia mwanawe, "Ukilia nitakupeleka kwa daktari akudunge sindano"? Mkono haupandi hata mmoja, lakini mwacheka. Kicheko hicho nimekihesabu.

Mimi si daktari bingwa. Ni afisa wa afya ya kinywa, wale ambao mwatuita daktari hivyo hivyo na sisi hatukatai. Kazi hii nimeifanya miaka 18, Likoni, Kisauni, na sasa niko huku kisiwani. Na kabla sijamsema mzazi yeyote, nianze na mimi: daktari wa meno nilimwogopa tangu utotoni mpaka siku niliyovaa koti lake.

Nilikuwa na miaka 8. Gego la chini, upande wa kushoto. Usiku tatu sikulala. Nyanya alinitwangia karafuu akanijaza kwenye tundu, akanifunga shavu kwa leso yake, nikazunguka nyumbani kama mgonjwa wa vitani. Siku ya nne baba akaniambia, "Vaa shati, twende Marikiti nikakununulie viatu." Nikavaa mbio. Tukapita Marikiti. Tukaipita. Nikamvuta mkono, baba, viatu viko hapa, akaniambia twaja kupitia tukirudi. Tukaingia hospitali moja, tukakaa kwenye benchi refu, na mlango ukifunguka nasikia mtoto mwenzangu yuapiga mayowe ndani.

Sikwambii yaliyofuata kwa urefu. Baba alishika miguu, mhudumu akashika mikono, na mtu nisiyemjua akashika kichwa. Waliniambia, "Hutasikia kitu." Nilisikia kila kitu. Nikatoka na jino langu kwenye pamba, na viatu sikuviona. Kwa miaka mingi mtu akinitajia viatu, mimi naangalia mlango uko wapi.

Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hiyo ni njia moja ya kupata hofu, na wahenga waliijua vizuri. Mwaka 1977 mwanasaikolojia mmoja, Stanley Rachman, aliandika kwamba njia ni tatu: kuumizwa wewe mwenyewe, kumwona mwenzako anavyoogopa, na kuambiwa. Mimi nakubaliana naye, kwa sababu watoto wengi wanaoletwa kwangu wakitetemeka hawajawahi kuguswa jino na mtu yeyote. Nyoka hajawauma. Ung'ongo wameuokota wapi? Nyumbani. Tumewasokotea sisi.

Nianze na hii ya kuambiwa. Sindano nimeitaja, na mmecheka. Lakini iko nyingine ambayo hatuihesabu kuwa ni kutisha, kwa sababu twaisema kwa mapenzi. Wakati mmoja aliletwa kwangu msichana wa miaka 5, amefumba midomo kama kombe. Mama yake akasema siku mbili hajala, na kinywa hafungui, si kwa peremende si kwa kofi. Nikaketi chini kwenye sakafu, nikachukua mwanasesere wangu mwenye meno, nikaanza kumpiga mswaki, sisemi naye. Baada ya muda akasogea. Akanong'ona huku meno yamebana: "Ukimtoa, ataenda wapi?" Nikamuuliza, "Nani?" Akasema, "Mdudu."

Shangazi yake alimwambia jino lake laliwa na mdudu. Basi mtoto akakaa na hesabu yake. Ikiwa kuna mdudu ndani, akifungua kinywa atatoka apande machoni. Akila, amlisha. Akimeza, ammeza yeye. Mtoto huyo hakuniogopa mimi hata kidogo. Alikuwa askari, analinda mlango.

Hadithi ya mdudu wa jino ni ya kale mno, watu wa Babeli waliisema kabla yetu. Mfaransa mmoja, Pierre Fauchard, alimtafuta mdudu huyo kwa hadubini asimwone, na akaliandika hilo katika kitabu chake mwaka 1728. Karibu miaka 300 sasa, na mdudu bado yuko hai mitaani kwetu, tena kuna watu wanaojitapa kwamba wamtoa kwa moshi. Msiwaambie watoto habari ya mdudu. Kinachotoboa jino ni tindikali, na hiyo nitaifikia.

Njia ya kuona ni ngumu zaidi, kwa sababu hapo mzazi hasemi neno baya. Yuko mama mmoja wa Mji wa Kale, buibui safi, sauti ya asali: "Usiogope mwanangu, haiumi, wala haiumi kitu." Maneno mazuri. Lakini mkono wake umeushika mkono wa mtoto, na nilitazama vidole: damu imekimbia kwa kubana. Mtoto hakutazama kioo changu. Hakutazama kiti wala taa. Alitazama ule mkono wa mama yake, halafu uso wake, halafu mkono. Hapo alikuwa ameshajua kila kitu alichotaka kujua.

Nikamwomba mama apande yeye kwenye kiti. Akakataa. Nikamwomba tena, nikamwambia sitafanya lolote, nitahesabu tu. Akapanda kama mtu apandaye feri siku ya kwanza. Nikampa mtoto kioo kile kidogo, nikamwambia, "Mhesabie mama." Akahesabu mpaka kumi na tatu akachoka. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyegundua jambo, "Mama, wewe una tundu!" Mama alikuwa na tundu kweli. Mara ya mwisho kuonana na daktari wa meno ilikuwa kabla hajaolewa. Siku hiyo nilimziba mama, na mtoto akasimama kando ameshika taulo kama msaidizi. Yeye mwenyewe alirudi wiki ya pili na akapanda peke yake.

Kina baba, msijifiche nyuma ya hadithi hii. Ninaye baba mmoja, mpakuzi wa Kilindini, shingo kama ya fahali, amebeba magunia tangu ujana wake. Akimleta mwanawe huja mpaka mlangoni, kisha husema, "Wacha nikaegeshe pikipiki." Pikipiki ile huegeshwa saa nzima. Mtoto akaniuliza siku moja, "Daktari, kwani baba anaogopa nini?" Sikuwa na jibu, nikamwambia kuna joto humu ndani.

Sasa harufu. Mwajua kile chumba chanukia nini? Wengi husema dawa. Ni karafuu. Ile saruji tunayozibia jino kwa muda huchanganywa kwa unga wa zinki na mafuta ya karafuu, na ndiyo hiyo ikuingiayo puani ukifika tu mlangoni. Mwaka 1998 watafiti wa Lyon, Ufaransa, waliwanusisha watu harufu hiyo, wakawapima mapigo ya moyo na jasho la ngozi. Wasiomwogopa daktari wa meno waliiona nzuri. Wanaomwogopa miili yao ilibadilika, wakapata hofu, na wengine hasira na kinyaa. Harufu ile ile.

Ulaya mtu huijua karafuu kwenye keki moja ya sikukuu na kwa daktari wa meno. Sisi twaiweka kwenye pilau, kwenye chai, na karafuu yenyewe yatoka Pemba na Unguja hapo jirani. Mtoto wa Mombasa ameijua harufu hii kwenye sufuria ya nyanya yake kabla ya kuijua kwangu. Kwa hivyo akiingia humuuliza, "Wasikia harufu ya nini?" Akisema pilau, nimeshinda nusu ya kazi kabla sijanawa mikono.

Kwangu mimi ilienda kinyume. Zile siku tatu za karafuu na yale ya siku ya nne vilishikana kichwani mwangu, pilau ikanishinda mpaka nilipofika chuoni. Mtu wa Mombasa asiyekula pilau! Fikirieni tabu niliyopata kwenye harusi.

Nije sasa kwenye lile lililonitoa nyumbani leo. Mtoto mleteni siku ambayo haumwi. Nililisema hilo kwa mwalimu mkuu akaniuliza, "Basi?" Ndiyo, basi. Lakini nipeni nafasi niwaeleze kwa nini, maana hapa ndipo hofu hutengenezwa, na si pale kwenye kiti.

Mtoto akitoa ulimi, mimi najua ametumwa dukani na shilingi ngapi zimebaki mfukoni. Ulimi mwekundu: mabuyu. Sikuja kuwaharamishia mabuyu, ninayo pakiti kwenye gari. Nataka mjue yanavyofanya. Kinywani mna vijidudu vidogo visivyoonekana, bakteria, si yule mdudu wa shangazi, vinakaa kwenye utando ule mlaini juu ya jino. Vikipata sukari huila na kutoa tindikali, na tindikali hiyo hulainisha jino kwa karibu nusu saa au zaidi kabla mate hayajaisafisha. Sasa mabuyu mtoto hayali, huyamumunya. Moja, baada ya muda lingine, toka adhuhuri mpaka magharibi. Kila buyu ni nusu saa mpya. Mtoto aliyekula halua kipande kikubwa baada ya chakula akanywa maji amelitesa jino mara moja. Huyu wa mabuyu amelitesa alasiri nzima. Na mbaya kuliko yote ni ile chupa ya chai ya maziwa yenye sukari anayolala nayo mtoto mchanga, kwa sababu usingizini mate hupungua na hakuna wa kusafisha.

Jino likianza kuharibika huweka doa jeupe, kama chaki, karibu na ufizi. Haliumi. Hapo kwa dawa ya meno yenye floridi, mara mbili kwa siku, na kupunguza zile sukari za mara kwa mara, jino laweza kurudi kuwa zima. Kisha huja tundu dogo la rangi ya kahawia. Hilo pia laweza kukaa miezi bila kuuma, na kuliziba ni kazi ya dakika chache. Kisha tundu lakaribia kiini, mtoto ashtuka akinywa maji ya baridi, mzazi asema atafunie upande wa pili. Kisha usaha.

Na hapa nisikilizeni, hata nyinyi wa kwenye upepo. Ganzi haishiki vizuri palipo na usaha. Nyama iliyovimba na kuoza ina tindikali yake, nayo huipunguzia nguvu dawa ile. Kwa hivyo mtoto anayeletwa siku ya usaha, amekesha, ana njaa, ana homa, amedanganywa habari ya viatu, akaja akachomwa sindano ambayo nusu haifanyi kazi, huyo ataumia. Hajidai. Yuaumia kweli. Mwenzake aliyekuja miezi sita kabla kwa tundu lile lile hangeumia. Halafu sisi twamwita mwoga. Akikua akiwa baba, ataegesha pikipiki.

Na hofu yenyewe ndiyo humchelewesha. Mzazi aogopa, aahirisha. Jino laoza zaidi. Siku ya kwenda ni siku ya maumivu, na maumivu yathibitisha hofu. Hili si la Mombasa peke yake. Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya 2022 lilisema watoto milioni 514 wana meno ya utoto yaliyooza.

Naona mzee ameinua fimbo. Ndiyo mzee wangu. Mzee auliza: si yatang'oka, meno ya utoto, kwa nini tujisumbue? Swali hili naulizwa kila wiki, nalipenda. Meno ya utoto ni 20. Ya mbele huanza kutoka miaka 6 au 7, lakini magego yake hukaa mpaka miaka 10, mengine 12. Mtoto wa miaka 5 mwenye gego lililooza ana safari ya miaka mitano au zaidi nalo. Tena gego hilo limemshikia nafasi mwenzake anayekuja chini yake, likiondoka mapema majirani huegemea, jino jipya likose mlango. Na jioni ya leo fanyeni hivi: mtoto wa miaka 6 au 7, mwambieni afungue kinywa, tazameni nyuma kabisa, nyuma ya meno yote ya utoto. Mtaona gego jipya limeota kimya kimya. Halikung'oa mtangulizi yeyote, ndiyo maana hamkuliona. Hilo ni la maisha. Wazazi wengi huniletea nikaling'oe wakidhani ni la utoto, na hapo ndipo mimi hushindwa kula chakula cha mchana.

Basi aletwe lini mara ya kwanza? Madaktari wa meno ya watoto Marekani washauri jino la kwanza likiota, na isipite siku yake ya kutimiza mwaka mmoja. Mwanicheka. Mtoto wa mwaka mmoja ana meno sita, manane, nitamfanyia nini? Nitamhesabia. Wewe waketi, mimi naketi, magoti yetu yagusane, mtoto alala mapajani kichwa kwangu miguu kwako. Nahesabu, natazama doa jeupe, namrudishia mamake. Dakika mbili. Akilia, na alie, mtoto akilia hufungua kinywa na hicho ndicho nitakacho. Akija tena baada ya miezi sita, chumba amekijua. Siku atakayohitaji kuzibwa jino, mimi si mgeni, ni yule mzee wa kuhesabu.

Kuhusu maneno ya kumwambia njiani. Msimwambie "haitauma". Mtoto hasikii "hai", husikia "uma". Kabla ya hapo hakuwa hata amewaza kuna kuuma. Mwambieni, "Twaenda kwa daktari akahesabu meno yako," mwishie hapo. Akiwauliza kama kuna sindano, mwambieni hamjui, mtamuuliza daktari mkifika. Hilo ni kweli na kwangu mimi latosha. Na msimwambie habari ya viatu. Mkisema viatu, nunueni viatu.

Kilichobaki niachieni. Kuna utaratibu ambao daktari mmoja aitwaye Addelston aliuandika 1959, nasi twaufuata mpaka leo: mwambie, mwonyeshe, ndipo ufanye. Namwambia hii ni brashi inayozunguka. Namzungushia kwenye ukucha wake wa kidole gumba, acheke kwa kutekenywa. Ndipo naipeleka kwenye jino. Ile mashine ya kutoboa ina mlio wa mbu mkubwa, kwa sababu tangu 1957 huendeshwa kwa hewa na huzunguka mara laki tatu kwa dakika. Naiwasha mbali na uso wake kwanza, nikamwambia inapiga filimbi. Sindano ikibidi, napaka kwanza dawa ya kufisha ganzi juu ya ufizi, nasubiri, nazungumza habari ya mpira, kisha namwambia utahisi siafu amekubana, tuhesabu pamoja mpaka kumi. Simwambii hatahisi. Nimeshaambiwa mimi, najua liliponifikisha. Na twakubaliana: akiinua mkono wa kushoto, nasimama. Wengine huinua mkono mara tano kunijaribu tu. Nasimama mara tano.

Mkitoka na mdomo wenye ganzi, kaeni naye saa mbili tatu. Hakuna viazi karai. Mtoto hucheza na mdomo usiohisi, akautafuna mpaka ukavimba, na jioni mkasema daktari amemwumiza.

Kuna mzee mwingine siku moja aliniambia haya yote ni kumdekeza, na akanipa methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali naikubali. Lakini haikusema mkalieni kifuani. Kulia nimesema hakunisumbui, kinachoharibu ni kumshika kwa nguvu kwa ajili ya jino ambalo lingeweza kungoja wiki mbili tukazoeana. Siku zisizongoja zipo, na hizo mzijue: uso umevimba, homa imepanda, ameza kwa taabu au kinywa hakifunguki. Hiyo si ya kubembeleza wala ya karafuu, ni ya kwenda hospitali siku ile ile, hata iwe usiku. Hapo ikibidi kumshika tutamshika, na kazi ikiwa nzito kuna kulazwa usingizi wa theatre. Lakini nawaambia, katika miaka yangu 18, karibu wote waliofikia hapo walipita siku nyingi za tundu lisilouma.

Na si kila tundu lataka ile filimbi. Katikati ya miaka ya 1980, jirani zetu hapa Tanzania, ilianza kutumika njia ya kuchokoa uozo kwa vifaa vya mkono peke yake, bila umeme, bila mashine, mara nyingi bila sindano, kisha tundu likazibwa kwa saruji yenye kutoa floridi. Ilibuniwa kwa ajili ya vijiji visivyo na stima. Leo yatumika dunia nzima, hata kwenye nchi zenye stima ya kumwaga, kwa sababu waligundua watoto hawaiogopi. Kitu kilichoanza huku kwetu Uswahilini, halafu sisi ndio tusiokijua! Kuna na dawa ya maji yenye fedha na floridi, yapakwa kwa kijibrashi juu ya uozo, dakika moja, ili uozo ukome pale ulipofika. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu 2021. Ina kasoro moja kubwa: palipooza huwa peusi kabisa. Kina mama hawaipendi kwa meno ya mbele na siwalaumu. Kwa gego la nyuma la mtoto wa miaka 3 ambaye hawezi kutulia, mimi naichagua bila kufikiri mara mbili. Ulizeni mnakokwenda kama ipo, si kila kituo kinayo.

Na pesa. Sitajifanya siioni. Kung'oa ni rahisi kuliko kuziba, na mtu mwenye watoto wanne aliyeacha kibanda chake Kongowea kupanga foleni toka alfajiri, akasikia bei ya kuziba, atasema ng'oa. Sina dawa ya hilo. Nina hesabu tu: kuhesabiwa meno na kuambiwa doa jeupe liko wapi ndiyo huduma ya bei ndogo kuliko zote nilizo nazo, na ndiyo isiyonunuliwa.

Lawama nyingine ni zetu sisi tuliovaa makoti. Twawakaripia wazazi mbele ya watoto, "Mbona umemwacha mpaka ameoza hivi?" Mama yule harudi tena, na angalau hilo analielewa mwanawe: daktari ni mtu wa kumfokea mama. Twapanga watoto benchi moja na mlango wazi, kila mmoja asikie mwenzake analia, kama nilivyosikia mimi. Mlango wangu siku hizi naufunga, na yule niliyemwona anaogopa zaidi namwita wa kwanza, hata akiwa wa mwisho kwenye foleni. Wenye foleni hunitukana. Nawaambia mtanishukuru, huyu akikaa hapa nusu saa atawaambukiza wote.

Nimesema mengi na chai naiona imefika, na mahamri. Lakini msisimame bado. Kile kiti mnachokiona pale chini ya mwarobaini nimekileta kwenye gari, kinakunjwa. Vioo ninavyo ishirini, safi. Leo sitoboi, sing'oi, sina hata sindano moja, mpekueni mkoba wangu. Nahesabu tu. Watoto wameshaanza kusukumana kwenye mstari, lakini wangoje. Watahesabiwa baada yenu, na wao ndio watakaoshika vioo.

Mwalimu mkuu, twende. Ulisema utakuwa wa kwanza. Pikipiki yako nimeshakuegeshea.